Mama, Mwenye Ploti na Wimbo wa Baiskeli

Kosa lilikuwa langu. Nikisimulia hii stori pale saluni, watu hudhani nitamlaumu mwenye ploti, na nitamlaumu, ngojeni tu, lakini aliyemfungulia mlango ni mimi na huu mdomo wangu. Mdomo uliponza kichwa, ndivyo husemwa. Wangu karibu uponze siku ya mama yangu.

Mama alitoka nyumbani, kule ziwani, mwezi wa kwanza jua likiwa kali, akaja Nairobi kuonwa masikio. Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akampima tena, akanionyesha karatasi yenye mstari unaoshuka tu. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakwenda na la kulia lilikuwa linalifuata. Dawa hakuna. Akasema kwa upole kwamba kama kuna kitu mama anatamani sana kukisikia, akisikie mwaka huu. Nikamtafsiria mama kwa sauti ya kuita boda, hata foleni ya nje ikajua mambo yetu. Mama akafikiria kidogo, akasema basi ni lile gitaa la wimbo wa baiskeli.

Nilidhani atasema sauti za wajukuu. Ati gitaa!

Huo wimbo ni wa zamani, wa bendi ya kwetu. Mtu amemwazima shemeji yake baiskeli na shemeji harudishi. Ubeti wa kwanza baiskeli imepoteza kengele, wa pili imepoteza kiti, wa tatu gurudumu la mbele. Halafu waimbaji wananyamaza, gitaa linabaki peke yake, na mama husema hapo ndipo linatoa yale yote ambayo yule mtu anaona haya kumwambia shemeji. Ajabu ni kwamba maisha yake yote hajawahi kulisikia hadi mwisho. Redioni, gitaa likianza tu, mtangazaji naye anaanza, mara taarifa ya habari, mara matangazo ya vifo. Kanda aliyokuwa nayo baba ilitafunwa na redio hapo hapo. Na siku nilipomtafutia huo wimbo kwenye simu, masikio yalikuwa tayari yameanza kwenda. Aliibandika simu kwenye mfupa nyuma ya sikio, kama anavyofanya na redio yake, akasema anasikia inzi.

Kwa hiyo nilipoona bango pale stendi ya Kawangware 56, kwamba bendi hiyo hiyo itapiga Jumamosi mchana kwenye tamasha la muziki Kibera, uwanja ulio chini ya mtaa wa Ayany, niliona Mungu amenisikia. Nikafunga saluni. Mwenye ploti wangu akasema atatubeba kwa pikapu yake. Huyu ni mzee wa kanisa, amezaliwa hapo Gatina, na baba yake alilima mahindi pale tunapoanika nguo. Alisema anaenda Ayany kumwona fundi, na jua hili si la kumtembeza mama wa watu. Nilimshukuru. Nikikumbuka vile nilimshukuru, hadi leo nasikia hasira.

Mama alivaa sweta yake ya sufi, ile ya kanisani. Nikamwambia atapikika. Akasema hawezi kwenda mbele ya watu wa heshima mikono wazi. Alibeba mwavuli, karanga za kukaanga kwenye fundo la leso, na kigoda chake, maana vile viti vya plastiki havimwamini na yeye haviamini. Tukaketi kwenye vumbi jua likitupiga utosini. Mwenye ploti, aliyekuwa aende kwa fundi, akasema ataangalia dakika tano tu.

Bendi ilipanda jukwaani saa nane. Mpiga gitaa alikuwa mzee mwembamba, miguu imevimba, akapigia akiwa ameketi. Mama alipomwona alinishika mkono akaufinya. Akasema ni yule yule, kwa ile sauti ya watu wasiojisikia, na uwanja nusu ukageuka kututazama.

Wimbo wa baiskeli ulikuwa wa pili. Mama aligeuza sikio la kulia, akaweka kiganja nyuma yake. Kengele ikapotea. Hapo kijana mmoja mwenye suti akapanda jukwaani mkono juu, na muziki ukakatwa. Mwenye ploti akaniuliza kama huyo kijana ni polisi.

Hapa ndipo ningenyamaza. Ningesema sijui. Lakini mgeni akiuliza mambo ya kwenu unasikia utamu, si ndiyo? Nikamweleza kwamba kwetu hiyo inaitwa pakruok. Muziki ukikugusa, unausimamisha, unampa mwimbaji chochote, unashika maiki na kujisifu, wewe ni nani, umetoka wapi, una nini. Watu wanakushangilia, muziki unaendelea.

"Mtu yeyote?" akauliza.

Nikasema mtu yeyote. Haki, ningejikata ulimi.

Jambo lingine ambalo sikulijua ni kwamba kiongozi wa bendi hiyo alikuwa mtu wa sheria. Wimbo wake ukikatwa, hauendelezwi ulipoishia. Unaanzwa upya, salamu na yote. Kwa hiyo kijana wa suti alipomaliza, baiskeli ikarudishiwa kengele yake, na sisi tukarudi mwanzo. Ilikuwa haijapotea tena vizuri nikaona mwenye ploti yuko jukwaani, kofia mkononi.

Alianza kwa maombi. Kisha akasema yeye ana ploti tatu Gatina, zote za mawe, moja ya ghorofa. Akasema ana ng'ombe wawili wanaokamuliwa katikati ya jiji. Akasema mfereji wake wa maji haujawahi kukauka. Watu hawakuwa wamewahi kuona mzee wa Kikuyu akipiga pakruok, tena kwa sauti ya kusoma matangazo ya kanisa, na walimpenda papo hapo. Mwimbaji akamwita fahali wa Gatina. Vijana wakapiga mbinja. Alishuka akiwa mtu mwingine kabisa, kifua mbele, akaketi, akainuka. Alikuwa amesahau kutaja vyoo.

Mara ya pili akataja vyoo. Mara ya tatu mama mmoja mpangaji wake, muuza samaki, akamfuata jukwaani akajisifu kuwa yeye ndiye anayekaa kwenye ile ploti ambayo mfereji wake haukauki kwa sababu haujawahi kulowa. Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Sasa mwenye ploti angekaa kimya? Akarudi kujibu. Muuza samaki akamjibu majibu. Akatokea mpangaji mwingine na habari za paa. Ukawa mkutano wa wapangaji, wenye bendi. Na kila mara wimbo ukaanza mwanzo. Kengele ya ile baiskeli ilipotea mara sita. Kiti hatukukiona.

Halafu mwenye ploti akalalamika kwamba jenereta inameza maneno yake. Vijana wawili wakalitoa zulia la jukwaani wakaifunika jenereta nalo gubigubi, katika jua lile. Niliiona ikifunikwa, lakini nilikuwa na hasira nyingine.

Maana mwanzoni, muziki ukikatwa, mama alikuwa akiniuliza kimetokea nini, nami nampigia kelele sikioni kwamba ni mtu anajisifu. Anatikisa kichwa, anangoja. Lakini mara ya tano hakuuliza. Ya sita pia hakuuliza. Alikuwa ameshusha kile kiganja, amekiweka mapajani. Hapo moyo wangu ulivunjika, na mimi moyo ukivunjika huwa natafuta mtu wa kugombana naye.

Nikamwendea mwenye ploti, aliyekuwa tayari njiani kwenda jukwaani, nikamshika shati. Nikamwambia, "Mzee, kaa chini. Mama yangu anazibika masikio, wewe unatusomea vyoo."

Nilitegemea anikaripie. Nikaona macho yake yana maji.

"Madam, moja tu ya mwisho," akasema. "Sijamtaja baba yangu."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nikamwachilia shati. Akaenda akamtaja baba yake, na mahindi yake, na jembe lake lililobaki, na sikumbuki mengine kwa sababu nilikuwa nimerudi kwa mama na kigoda kilikuwa kitupu.

Niliuona mwavuli kwanza. Ulikuwa juu, umefungwa, unapanda ngazi za jukwaa. Bendi ilikuwa imeanza salamu kwa mara ya nane, na mama yangu, na sweta yake ya sufi, akaisimamisha. Alifungua fundo la leso akampa mwimbaji karanga, kwa sababu lazima utoe kitu. Akashika maiki mbali na mdomo, lakini kwa sauti ile yake haikuhitajika. Alisema kwa Kijaluo.

"Mimi ni binti wa mfinyanzi wa vyungu. Nimezaa saba, nimezika wawili. Sikio langu moja limekufa na la pili liko njiani. Sina ng'ombe wa kuwaonyesha. Nimekuja kusikia gitaa la huyu mzee kabla sijazibika, na nyinyi mnanitajia mifereji. Sasa na mimi nimesimamisha wimbo, na baada yangu hakuna mwingine. Piga."

Hakuna aliyeshangilia. Mwenye ploti akaniuliza mama amesema nini, nikamtafsiria neno kwa neno, sikumpunguzia hata moja. Akavaa kofia, akaivua tena. Akaenda kusimama chini ya ngazi za jukwaa, mikono ameitandaza, akiwatazama watu kama anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Muuza samaki akaenda akasimama kando yake, akaitandaza ya kwake.

Wimbo ukaanza. Kengele ikapotea. Kiti kikapotea, na watu wakashusha pumzi. Gurudumu la mbele likapotea. Waimbaji wakarudi nyuma hatua moja. Mama hakuwa ameshuka, alikuwa amesimama pale pale kando ya kiti cha mpiga gitaa. Gitaa likatoa sauti ya kwanza, likatoa ya pili, na jenereta ikafa.

Jameni, ikafa! Ilikuwa imepikwa ndani ya zulia tangu saa tisa. Moshi ukatoka. Uwanja mzima ukapiga kelele, mbinja, makopo, na mwenye ploti akakimbilia zulia akilivuta kwa mikono miwili, akiita vijana, akiungua vidole. Mimi nilitaka kukaa chini kwenye vumbi nilie tu.

Lakini yule mzee wa gitaa hakuacha kupiga. Sijui kama ni ubishi au ni kwa sababu ameambiwa apige na mama wa watoto saba. Niliona vidole vyake vinakwenda. Gitaa la stima bila stima halina sauti, labda kama kucha kwenye meza, na kwa kelele ile hata kucha husikii. Mama alivitazama vidole. Akanitafuta kwa macho huko chini, kwa lile swali lake la kimetokea nini, nami nilikuwa mbali, hata ningepiga kelele namna gani. Basi akaweka mwavuli chini. Akainama polepole, mkono mmoja kwenye bega la yule mzee, akalaza mfupa wa nyuma ya sikio juu ya mti wa gitaa.

Mzee alisogeza kiwiko kidogo kumpa nafasi, akaendelea.

Walikaa hivyo muda mrefu. Mama alifumba macho. Watu wa mbele wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, na wa nyuma waliendelea na mbinja zao kwa sababu hawakujua. Mimi nilikuwa nimefika hatua kumi kutoka kwao, nina masikio mawili mazima, na sikusikia hata sauti moja.

Vidole vikasimama. Mama akainuka, akamgusa mzee begani, akaokota mwavuli wake. Alikuwa kwenye ngazi ya mwisho jenereta ikanguruma, spika zikapasuka, na kiongozi wa bendi, mtu wa sheria, akatangaza kwamba wimbo umekatwa na stima na kwa hivyo unaanza upya.

Nilimpokea mama nikiwa nalia mbele ya watu, na mimi si mtu wa kulia. Nikamwuliza sikioni kama amesikia.

"Nimesikia," akasema. "Amekosea mahali pawili." Alikuwa anatabasamu kwa meno aliyobaki nayo. Kisha akaniuliza, "Wewe umesikia?"

Nikatikisa kichwa. Akanihurumia, kweli kabisa, kama mtoto aliyelala njaa wenzake wakila. Akaniambia niiname. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso wake juu ya langu, jasho kwa jasho, katikati ya uwanja, bendi ikituimbia salamu kwa nguvu zake zote. Akafunga mdomo, akaanza kuliimba lile gitaa ndani ndani. Masikioni hakikufika kitu. Ilipita mfupani. Aliniimbia lote, mwanzo hadi mwisho, bila haraka, na yale makosa mawili akayaacha palepale mzee alipoyaweka.