Hesabu Kumi Kutoka Kongo

Jumatatu, ofisini kwa mwalimu mkuu hapa Bariadi, nilimkuta mama aliyerudi kwao Kasoli baada ya vita kumtoa Kongo. Alikuja kumwandikisha binti yake.

“Barua ya uhamisho iko wapi?” mwalimu mkuu akauliza.

“Aliyepaswa kuiandika alikimbia kabla yetu, mwalimu.”

Binti akafungua daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na hesabu kumi ambazo hazikusahihishwa. Risasi zilianza kulia kabla mwalimu wao hajazipitia.

Mwalimu mkuu akachukua kalamu nyekundu, akazisahihisha taratibu, moja moja.

“Umepata tisa. Ya saba umekosa. Kesho uje darasa la nne ufanye masahihisho.”

Sijawahi kuona mtoto akifurahia hesabu aliyokosa namna ile. Mimi, niliyeleta barua ya mjukuu wangu yenye mihuri yote, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri bila kinyongo.