Turubai la Uchochoro wa Kwanza

Mama yangu mzazi mpaka leo hajui habari hii, na ole wake atakayemfikishia, maana nitahama Keko na namba ya simu nabadilisha. Nawasimulia nyie kwa sababu mshaisikia nusu nusu, na mtu bora aaibike kwa ukweli kuliko kwa umbea.

Mnanijua, mie Felista siyo mpiga picha wa kazi. Mie nauza duka la dawa Temeke, siku sita kwa wiki napima dawa ya kikohozi, na Jumapili nikitoka kanisani ndiyo naichukua kamera yangu (ya mtumba, ina mkwaruzo pembeni lakini inaona vizuri kuliko mie) nakwenda kupiga mafundi wa makochi pale kwetu Keko, vumbi la mbao linavyong'aa juani, au kina mama wanaokaanga mihogo. Silipwi na mtu. Ni starehe yangu tu, kama wengine walivyo na mpira. Sasa kazini nina mwenzangu, Zuhura, ndiye aliyekuwaga anazisifia hizo picha, na dada yake mkubwa alipopata mchumba (dada mtu mzima, kwenye arobaini na kitu, ndoa ya pili), Zuhura akaniambia, "Felista, utupigie wewe. Ni nikah tu ya nyumbani, Chamazi, kimya kimya, hakuna ngoma hakuna muziki, dada mwenyewe kasema hataki makelele. Wakishamaliza, bwana anatangulia Boko kwake, na jioni sie tunampeleka bibi harusi."

Nikavimba kichwa. Kupiga harusi! Nikashona dera la njano lenye vishanga kifuani, nikanunua mtandio wa kufanana nalo, na Zuhura aliponielekeza njia, nikamkatisha, "Chamazi unanielekeza mie? Chamazi naijua, shangazi yangu kaishi huko." (Shangazi aliishi Chamazi mie nikiwa darasa la tatu.) Alichosema nilisikia hivi: ukishuka kwenye bodaboda hapo msikitini, ingia uchochoro kulia, utaona turubai. Kumbe alisema uchochoro wa pili.

Basi Jumapili hiyo nikashuka msikitini, nikaingia kulia, na kweli, turubai hilo hapo, la bluu na nyeupe. Wanaume wamevaa kanzu wamekaa kwenye majamvi, ubani unafuka, nyuma ya nyumba masufuria ya pilau. Nikasimama kidogo. Moyo ukaniambia, mpigie Zuhura uhakikishe. Nikaitoa simu kabisa kwenye mkoba, nikaiangalia, halafu nikasema nitampigiaje kuuliza njia wakati nilishajitapa? Nikairudisha. Hapo ndipo palipoharibika kila kitu, hapo tu, kwenye kurudisha simu mkobani.

Nikamsalimia mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti mlangoni mwa turubai, ndevu nyeupe, mpole.

"Shikamoo mzee. Hapa ndipo kwenye shughuli?"

"Marahaba mwanangu. Ndipo, karibu sana."

"Mie ndiye mpiga picha."

"Aaah! Wewe ndiye uliyetumwa na Nassoro!"

Nassoro simjui. Lakini nikajiambia, familia ya Zuhura ni kubwa, Nassoro atakuwa kaka yao mmoja. Nikasema ndiyo. Mzee akafurahi, akawaambia wenzake, "Nassoro hakutusahau, yuko Maskati lakini katuletea mtu wa picha aone shughuli ilivyokwenda." Wakanisogezea njia. Nikaanza kazi, napiga masufuria, napiga majamvi, napiga mikono imeshika vitabu, na ninyi mnajua mie nikishika kamera mdomo haufungi. Nikawaambia wale wazee, "Jamani wazee wangu, mbona mmenuna? Chekeni kidogo!" Mmoja akaniuliza taratibu, "Tucheke?" Nikamwambia, "Msipocheka leo mtacheka lini?" Akainamisha kichwa. Nikaona ni aibu ya watu wazima mbele ya kamera, nikampiga hivyo hivyo kainama, na nikajisifu kimoyomoyo kwamba imetoka picha nzuri.

Sasa nikawa namtafuta bwana harusi. Nikamrudia yule mzee wa mlangoni.

"Mzee, na mwenyewe yuko wapi?"

Akanitazama kwa huzuni, akasema, "Mwenyewe si ametangulia, mwanangu."

Zuhura si alishaniambia bwana anatangulia Boko? Nikaona nimechelewa, nikah imeshapita. Nikapiga kofi, nikacheka. "Keshatangulia! Ana haraka huyo, jamani, hata pilau hakungoja!"

Mzee akafumba macho, midomo ikawa inatikisika. Nikadhani anaomba dua. (Alikuwa anaomba dua kweli, baadaye niliambiwa alikuwa anamwomba Mungu ampe subira.)

Mtaniuliza, Felista, umezaliwa Dar hii hii, wazazi wametoka Masasi lakini wewe umekulia kati ya waswahili, hitma huijui? Naijua! Nimekula pilau ya hitma mara ngapi! Lakini mtu akishaamua kwamba anaona harusi, macho yanatii. Kila mtu aliyenikodolea macho, mie nilifikiri anaangalia vishanga.

Nikaingia ndani. Nikavua viatu, nikamwambia mama mmoja mnene aliyekuwa anapanga sahani, "Naomba kumwona mwenye shughuli." Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Yuko chumbani, ila hatoki." Nikasema sawa, najua, bibi harusi hatoki mpaka atolewe. Hilo nililisema moyoni, na ingekuwa heri ningelisema kwa sauti.

Chumbani walikuwa wanawake watatu, na katikati, juu ya godoro, mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, kajitanda kanga, hana hereni, hana hina, hana hata wanja. Nikashangaa kidogo, bibi harusi gani hajapambwa? Nikakumbuka Zuhura alisema dada hataki makuu. Nikapiga goti mbele yake, kamera usoni.

"Hongera sana, dada yangu!"

Akainamisha uso, akaivuta kanga.

"Usiwe mnyonge hivyo, inua uso nikuone. Mumeo keshatangulia, anakusubiri wewe tu, na leo leo unamfuata!"

Jamani.

Mwanamke mmoja akapiga ukelele, mwingine akaanza kusema astaghafiru, astaghafiru, na mie bado jicho liko kwenye kamera, na ndani ya kile kidirisha kidogo nikamwona yule mama kafungua mdomo, hatoi sauti, machozi yanashuka. Yule mama mnene akaja mbio, akanishika mkanda wa kamera karibu aninyonge.

"Unasema nini wewe? Unamwambia nini wifi yangu? Kaka yangu leo ana siku arobaini kaburini, wewe unamwambia mkewe amfuate?"

Kila neno nililosema tangu mlangoni mwa turubai likaanza kunirudia moja moja. Chekeni. Ana haraka. Hata pilau hakungoja. Nikatamani nife, halafu nikaona hata kufa pale nitakuwa nimewaongezea shughuli.

"Nani kakutuma?" Bi Tatu (ndilo jina la huyo wifi mtu) akaniuliza.

"Na... Nassoro."

Akampigia Nassoro hapo hapo Maskati, akaiweka simu spika. Sauti ikasema, "Mie nimemwambia Hemedi aje apige video kwa simu yake. Mwanamke gani tena?"

Sasa ndiyo ikawa balaa, maana mmoja akasema, "Huyu katumwa! Katumwa kuja kumwapiza mama Nassoro!" Wanaume wakajaa ukumbini, wanauliza kuna nini, mlango umezibwa, na mie nimepiga magoti na dera langu la njano katikati ya kanga nyeusi, nalia, naapa kwa Yesu na Maria (na hilo nalo halikusaidia). Simu yangu ikaita mkobani. Bi Tatu akaitoa yeye, akapokea yeye.

"Felista, uko wapi jamani? Shehe keshafika, dada kakaa anakungoja wewe!"

"Felista wenu yuko hapa kwa marehemu mzee Shomari," Bi Tatu akasema, "anampigia mjane picha za harusi."

Nikasikia Zuhura anasema, "Innalillahi," halafu simu ikakatika. Dakika tano hazikuisha akaingia anahema, hina mikononi, nguo ya harusi kaikunja mpaka magotini. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja miguuni kwa yule mjane, akasema, "Mama, huyu ni mgeni wetu, kapotea njia. Hana ubaya, ana papara tu. Nisamehe mie kwa niaba yake." Kumwona mwenzangu kapiga magoti siku ya furaha ya dada yake, kwa ajili ya mdomo wangu, hilo liliniuma kuliko kelele zote. Mjane alitikisa kichwa tu, tusielewe ni ndiyo au hapana. Bi Tatu akasimama juu yangu mpaka nikafuta picha zote, moja baada ya nyingine, kisha akanifungulia njia. Tukapita katikati ya wale wazee. Walinipisha kwa adabu. Afadhali wangenizomea.

Harusini nilipiga picha, ndiyo, lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na nilipofika nyumbani nikakuta bibi harusi wa watu ana macho manne katika kila picha. Zuhura alikaa siku nne dukani haniongeleshi ila kwa mambo ya dawa.

Jumapili iliyofuata mama yake Zuhura akanichukua, tukabeba sukari na mchele, tukarudi uchochoro wa kwanza. Nilivaa kahawia. Bi Tatu alitupokea kwa salamu fupi, akatuingiza kwa mjane, nami nikaanza hotuba niliyoikariri usiku kucha, nikaishia "Shikamoo mama, mie ni yule..." nikakwama.

"Najua wewe ni nani," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Tangu mume wangu azikwe, kila anayeingia mlango huu ananiambia pole. Pole asubuhi, pole mchana. Mtu anaweza kuzama kwenye pole, unajua? Wewe peke yako uliniambia hongera." Akajifunika mdomo na kanga, mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimeshamliza tena, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, Bi Tatu akatoka kwa hasira kwenda jikoni. Halafu akaacha ghafla, akajifuta macho, akasema, "Lakini siku ile uliniumiza, mwanangu. Ujue hilo pia." Nikasema najua. Akanishika mkono, tukakaa hivyo hivyo mpaka mama Zuhura akaaga.

Tangu siku hiyo sinyanyui kamera kabla sijauliza ni shughuli gani, ya nani, na mwenyewe yuko wapi, na nikijibiwa "katangulia" nauliza katangulia wapi. Juzi nilialikwa Boko kumpiga mtoto wa jirani yetu anaolewa. Matarumbeta yanalia, gari limefungwa maua, bibi harusi huyo hapo na shela lake anashuka. Nikamsogelea mzee wa getini, nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu zote, "Samahani mzee, hapa ni harusi au msiba?" Akaniona mwendawazimu. Na aone.