Gari la Njano Lililovutwa na Maksai Hadi Ukweni

Hili huwa silisimulii mke wangu akiwepo, maana huanza kucheka kabla sijafika Katoro, lakini aibu ni yangu na gari ni langu, kwa hiyo acheni niwaambie mwenyewe.

Duara letu, shimo la sisi wachimbaji wadogo kule Geita, lilipotema dhahabu, wenzangu walinunua viwanja, mimi nikanunua gari la spoti, la njano, viti viwili, limelala chini, likiunguruma kuku wanakimbilia ndani. Zuri jamani, mpaka leo nasema zuri! Ila ulaji wake sasa. Mafuta linakunywa hata likiwa limesimama, tairi lazima liagizwe Dar lije na basi, na oili yake (siyo hiyo mnayoweka nyie) fundi alipotaja bei nilidhani anataja ya gari zima. Mwezi ule nilibadilisha tairi mbili, mfuko ukakauka, nikabakiwa na mafuta ya kunifikisha tu kwa baba yake Neema, upande wa Bukombe, kuomba mchumba.

Mjomba wangu, mshenga, alisema tupite moja kwa moja. Lakini Katoro ilikuwa siku ya mnada, vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Bosi, liungurumishe!" Nikazunguka soko. Halafu nikaona wa upande wa pili hawajaniona vizuri (kosa ndiyo hilo), nikazunguka tena, na tena.

"Mshale umelala huo," mjomba akasema.

"Mjomba, hili nalijua mimi."

Likazima mbele ya boma la baba yake Neema, akina mama wameshaanza vigelegele. Mzee Masanja akaja, akalitazama, hakusema kitu, akaagiza maksai wawili wafunguliwe kwenye plau. Wakafunga mnyororo. Mimi nimekaa ndani na suti na miwani ya jua, nimeshika usukani, navutwa hadi uani, na vigelegele ndiyo vinazidi!

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ngosha," akaniita, yaani mwanamume kwa Kisukuma, "mnyama wako huyu anakula nini?"

"Petroli, baba."

"Anatoa maziwa?"

"Hapana, baba."

"Analima?"

Neema alikuwa anachungulia kwenye mlango wa jikoni, nikajua namkosa.

"Umemtoa safari hujamlisha. Binti yangu je? Rudi baada ya mavuno."

Nilirudi, kwa bodaboda, na ng'ombe wa mahari wamenitangulia. Nikakubaliwa. Na nimeapa: nikiwa sina hela ya kujaza tanki, gari linabaki chini ya turubai, napanda pikipiki, na soko silizunguki ng'o.

Siku ya harusi nililijaza mpaka juu, limeng'aa, nikaliendesha taratibu hadi bomani. Mzee alizunguka nyuma, akataka kifuniko cha tanki kifunguliwe, akainama akanusa.

"Huyu kashiba," akasema, akamfungulia binti yake mlango.