Kisanduku chenye Kimshale

Ofisini kwetu Bukoba nilipewa kazi ya kuingiza kwenye kompyuta majina ya yatima wa kata ya Kaagya, ili wapate sare za shule. Sina elimu kubwa, lakini mashine ile ilinivutia. Penye swali la nani anamlea mtoto palikuwa na kisanduku chenye kimshale pembeni. Ukibonyeza kimshale, orodha inashuka: Baba, Mama, Mjomba, Shangazi. Ukigonga herufi M, inarukia Mama yenyewe. Niliichezea kama mtoto.

Bibi hakuwamo, na watoto wengi walilelewa na bibi zao. Nikawaza, bibi anayepika na kuogesha si ndiye mama? Nikachagua Mama, mtoto baada ya mtoto.

Wiki iliyofuata fundi aliyeitengeneza programu alikuja kutoa orodha ya sare.

"Dada, Kaagya hakuna yatima? Mashine imewaondoa karibu wote. Inasema mama zao wapo."

Nikamweleza kuhusu bibi. Akabonyeza katikati ya kisanduku, akaandika Bibi. Kikapokea bila ubishi.

"Kumbe panaandikika?"

"Ndiyo kazi yake, waitu," alisema kwa upole wa Kihaya. "Ukikosa kwenye orodha, unaandika mwenyewe."

Tukarekebisha jina moja moja, mpaka wawili wa mwisho.

"Na hawa, nani anawalea?"

"Mimi," nilisema. "Mama yao ni dada yangu. Tulimzika mwezi uliopita."

Hapo pia nilikuwa nimechagua Mama, na hapo kosa halikuwa la kutoijua mashine; sikuwa tayari kumfuta dada yangu.