Kaseti ya Mjomba na Swali la Kompyuta

Sisi tuliokulia Mwaya wakati nyumba nzima ilikuwa na redio moja, tena imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, tunajua kwamba betri nazo zilikuwa zinaanikwa. Asubuhi jua likitoka, mama alizichomoa mgongoni mwa redio akazipanga nne pembeni ya mkeka wa usipa, dagaa wa ziwa letu, na mimi niliwekwa hapo na fimbo ndogo nizuie kuku. Zikishika moto zilirudi ndani, na sauti iliyokuwa inajikokota ilinyooka tena. Miezi ya mvua, na kwetu Kyela mvua haina haraka ya kuondoka, tuliziweka kando ya mafiga, na ole wako uzisahau. Nilipomsimulia haya mwanangu wa mwisho, aliniuliza kwa nini hatukuzichaji tu.

Siku zetu zilijaa. Mpunga ukitoa masuke tulitumwa kuamia ndege kabla ya shule na baada ya shule. Ulipanda kichanja na kopo lenye mawe mkononi, ukalitikisa na kupiga kelele mpaka koo likauke, ndege wakahamia shamba la jirani, jirani naye akawarudisha kwako. Kakao zikivunjwa tulijisogeza karibu na baba, tukafyonza ile nyama nyeupe yenye utamu na uchachu kidogo, kisha tukazitema mbegu kwenye ndoo. "Utamu ni wenu, mbegu ni zangu," baba alikuwa anasema, na alizihesabu midomoni mwetu kwa macho. Shuleni tulikwenda na ufagio na kidumu cha maji, miguu peku, tope la Mwaya likitupita katikati ya vidole. Tukirudi tulikuta mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, imefunikwa kwa jani la mgomba, na harufu ya lile jani likikutana na mvuke bado naijua hata leo nikiwa nimefumba macho.

Lakini ninachotaka kuwakumbusha wenzangu wa rika langu ni kaseti za salamu. Mjomba Lusajo, kaka yake mama, alikuwa seremala Mbeya mjini. Mama hakuwa mwandishi wa barua. Kwa hiyo walikuwa na kaseti, moja tu kati yao. Mama alisema salamu zake, kondakta wa basi akaichukua, na baada ya wiki mbili tatu ilirudi na salamu za mjomba, zimerekodiwa palepale juu ya za mama. Tulizisikiliza wote, majirani wakiwemo, kisha mama naye akarekodi juu ya za mjomba. Tuliishi hivyo miaka. Kila salamu mpya ilifuta ya zamani, na hakuna aliyesikitika, maana mwenye sauti alikuwa hai na angesema tena.

Kazi ya vitufe ilikuwa yangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilirudisha mkanda hadi mwanzo kwa kuuzungusha na kalamu, ili tusile betri, kisha nikabonyeza viwili kwa pamoja, kile cha kusikiliza na kile chekundu. Mama alikaa mkao wa kanisani, akajisafisha koo, akaanza kumsalimu kaka yake mtu mmoja mmoja, pamoja na fundi wake na mwenye nyumba wake. Leo watu wanatumiana salamu za sauti kwenye simu kutwa mara kumi. Wanangu hawamalizi kuisikiliza ya dakika mbili. Wanaikimbiza, anayeongea anasikika kama bata, kisha wanasema wameelewa.

Baba alitangulia. Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa unaiva, mama alishikwa na homa, na siku ya tano hatukuwa naye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu Ambakisye minane, na Tusekile alikuwa mtoto wa miezi saba aliyekuwa bado ananyonya. Salamu za mwisho za mama zilikuwa ndani ya redio bado. Maji yalikuwa yamefunika barabara na basi lilikuwa halijatufikia wiki nzima.

Baba mdogo alikuwa tayari kuvuka kwa miguu hadi Kyela mjini, ili habari ipate basi la Mbeya.

"Habari kama hii hatumpi kondakta mdomoni," aliniambia. "Mjomba wako aisikie kwa sauti ya mtoto wa dada yake. Gwe Subilaga, lete redio."

Nilileta. Nikarudisha mkanda hadi mwanzo kama siku zote. Nikabonyeza viwili, nikasema nilichoambiwa niseme, nikazima. Kina mama waliokuwa wanalia ndani walinyamaza kidogo ili nisikike vizuri. Hakuna aliyenizuia. Wala mimi sikuwaza chochote, kwa sababu ndivyo kaseti ile ilivyotumika tangu niijue.

Mjomba alifika siku ya tatu, tumekwisha kuzika. Kaseti alikuwa nayo mfuko wa shati. Aliniita nyuma ya nyumba kwenye migomba, akaiweka kwenye redio, akaniambia nikae. Nikajisikia mwenyewe: "Mjomba, shikamoo. Mama ametutoka." Nikaeleza homa ya siku tano na mengine yote niliyoambiwa niseme, nikamaliza, kikalia kishindo kidogo cha kitufe, na hapohapo mama akaingia katikati ya sentensi, akiongea kwa furaha. Zilikuwa zimebaki salamu za dakika moja hivi. Zile za mwanzo zote, ndefu kuliko hizo, nilikuwa nimezifuta ili niseme amekufa.

Mjomba hakunigombeza. Alitoa kisu chake cha kazi, akavunja vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. "Sasa haitakubali tena kurekodiwa," alisema. "Hukujua, mama yangu." Kisha akanikabidhi.

Ukoo ulikaa ukagawa watoto: mmoja huku, mmoja kule, mchanga kwa shangazi. Nilisema wadogo zangu hawaendi popote. Walicheka, baadaye wakachoka kucheka. Darasa la sita nililiacha muhula uleule. Sisemi haya ili nipewe pole, wengi wa rika langu wanayajua kwa miili yao. Nililima mpunga, nikauza ndizi, Ambakisye akasoma, Tusekile akasoma mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Kaseti niliitunza kwenye kopo la maziwa. Ambakisye aliponiachia laptopu yake ya zamani, nilikwenda kwa fundi wa muziki hapa mtaani Bondeni, Kyela mjini, akaniwekea ile sauti ndani yake. Ilikuwa wakati mwafaka, maana unyevunyevu wa kwetu ulikuwa umeanza kuula mkanda, na mwezi uliofuata ulikatika. Wadogo zangu sikuwaambia tangu mwanzo. Nilisema nitamsikilizisha Tusekile akimaliza darasa la saba. Kisha nikasema kidato cha nne. Ukweli ni kwamba yeyote atakayeisikiliza ataanza kunisikia mimi nikifuta.

Jumamosi moja mwezi uliopita alikuja Mwalimu Zuhura, jirani yetu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, anayefundisha kompyuta sekondari. Tusekile anajiendeleza, ana utafiti wa kuandika, na laptopu ile ilikuwa inawaka kwa kusihiwa. Tulikaa barazani, mvua inanyesha. Mwalimu Zuhura aliipapasa papasa akatikisa kichwa.

"Hii inataka windows mpya, dada Subi. Sasa chagua mwenyewe. Njia ya kwanza, napiga mpya juu ya hii iliyopo. Vitu vyako vinabaki. Lakini na uchafu wake unabaki, na diski yenyewe imechoka, ikigoma katikati sina pa kushika. Njia ya pili, tunatoa mnachokitaka, tunafuta yote, tunaanza upya."

"Futa tu, mwalimu," Tusekile alisema huku akimenya ndizi. "Humu kuna nini? Kwaya, na picha za harusi ya Ambakisye ambazo nusu watu hawana vichwa."

"Nakuuliza dada yako."

"Utamuuliza mpaka kesho. Dada hata kopo lililotoboka ukimwambia atupe, anaanza kukuelezea lilivyofika hapa."

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Nilikuwa nayageuza yale maneno. Kupiga mpya juu ya iliyopo niliwahi kufanya, najua kunavyokwenda. Na neno la kufuta yote sikuweza hata kulitamka. Nikaona hakuna mlango wa tatu, na ili kitu kitolewe sharti kwanza nikitaje.

"Kuna kitu humo," nikasema. "Cha dakika chache. Tusekile, weka kisu chini."

Nikaeleza, kwa kifupi, macho yangu yakiwa kwenye mvua. Mwalimu Zuhura alilitafuta faili akalifungua. Ikaanza sauti yangu ya utoto. Kikalia kile kitufe. Kisha mama, kwa Kinyakyusa chake cha taratibu:

"...naye Subilaga amekua, juzi kapika wali peke yake, uliungua kidogo lakini tumekula. Huyu unayemsikia analia ndiye wetu mdogo. Tusekile. Tusekile, nyamaza, mjomba wako anakusikia. Mzuri huyu, utamwona. Haya kaka, ndaga fijo. Zima, Subilaga, betri zitaisha."

Tusekile aliomba irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Mwalimu Zuhura, ambaye hakuelewa neno hata moja zaidi ya ndaga, yaani asante, alikuwa amefunika mdomo kwa mtandio.

"Miaka yote hii," Tusekile alisema mwishoni, "nilidhani hakuwahi kuniita."

"Nilifuta mwanzo wake. Niliogopa utaniuliza alisema nini huko."

"Alisema nini?"

Nikamweleza ninayoyakumbuka. Fundi wa mjomba alisalimiwa. Mwenye nyumba alisalimiwa. Paa lilikuwa linavuja upande wa jikoni. Baba alikuwa anakumbukwa. Tusekile alisikiliza kama anasomewa, kisha akanishika mkono. "Ungeniambia mapema, dada," alisema, na hiyo ndiyo lawama pekee niliyopata, nami nimeipokea.

Basi tukachagua. Mwalimu Zuhura aliinakili sauti kwenye flashi mbili, akaiweka kwenye simu ya Tusekile na yangu, akamtumia na Ambakisye. Kila mahali tuliifungua na kuisikia mpaka "betri zitaisha". Picha zisizo na vichwa nazo tulizitoa. Kisha akafikia pale penyewe. Kompyuta ikasimama, ikaandika kwamba kila kitu kitafutwa na hakitarudi, ikauliza kama tuna uhakika.

Tusekile ni wa kizazi cha kubonyeza ndiyo kabla ya kusoma. Nimemwona mara nyingi, simu inamuuliza jambo naye amekwisha kubali. Siku hiyo alisoma mpaka mwisho, akatoa mkono wake, akanigeuzia laptopu. Wote wawili wakanisubiri.

Enzi zetu zilikuwa na utamu wa kakao na majirani waliokuja kusikiliza salamu zisizo zao, na mtu akikuletea sauti yake ulikaa chini ukaisikiliza yote. Sitabadilisha utoto ule na wa wanangu, pamoja na chaja zao. Lakini redio yetu ilitaka vitufe viwili tu ili ifute, navyo havikuuliza. Laiti siku ile pale Mwaya mashine, au mtu yeyote kati ya wale wazima waliojaa nyumbani, angeniuliza mara moja tu: una uhakika?

Nilisoma tena yale maandishi, taratibu, kama mtu wa darasa la sita. Kisha nikabonyeza ndiyo.