Bahasha Iliyorudi na Ndege

Juzi nilisimama kwenye kizuizi cha base ya Kamina, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, kati ya watu waliokuwa wakingoja abiria wa ndege ya Kinshasa. Posta yetu imebaki kuta tu, kwa hiyo barua tunampa msafiri.

Kando yangu alisimama mwalimu kijana wa lise, shule yetu ya sekondari, mwenye lisansi yake ya chuo kikuu; alikuwa amempa mke wa askari bahasha ya maombi ya kuendelea na masomo ya juu ya uandishi wa habari za biashara katika chuo cha Kinshasa. Mama huyo aliposhuka kwenye ndege alifika kwetu, akafungua kitambaa na kutoa bahasha ile ile.

"Mutoto yangu, ulisema nimupe directeur mwenyewe mu mukono. Nilienda, nikarudia, directeur haiko. Secrétaire alitaka nimuachie, minyi nikakatala. Angalia, hakuna muntu alifungua."

"Lakini mama, inscription ya kuingia masomo ilifungwa jana."

"Njo maana nimekurudishia. Ingepotea kule."

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa. "Aksanti sana, mama," akasema, bila kuinua macho.

Wasomaji wangu, nimezoea kuwalalamikia hapa wezi wa barua. Safari hii nilimtazama mtu mwaminifu kabisa na, Mungu anisamehe, nikatamani angekuwa mzembe kidogo.