Kuweka Ufunguo Mezani

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, nilipokuwa dereva wa lori kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Sikuwa nimelala hata kidogo, na bado nilijihisi mwenye nguvu za kulisukuma lori lile kwa mikono. Mwanangu, wengi hudhani ugonjwa wa akili huja na huzuni tu. Wangu ulikuja pia na furaha: maneno mengi, haraka nyingi, na hakika kwamba barabara nzima imetengenezwa kwa ajili yangu. Daktari alikuwa amenionya kwamba siku nitakapojiona sihitaji usingizi, nisiguse usukani mpaka anione.

Basi nikaenda kwa mwenye malori, Papa Kabwe, nikaweka ufunguo mezani kwake.

Sharti uijue desturi ya kiwanja kile cha malori. Dereva hakuacha kazi kwa maneno. Aliweka ufunguo mezani, akaondoka. Na mlangoni hawakukosekana vijana waliokuwa wakiitamani nafasi yangu.

"Unaacha kazi, mwana?"

"Hapana, Papa. Shiachi. Leo tu shiwezi kuendesha."

"Uko na malaria?"

Ningeweza kuitikia. Malaria haimwaibishi mtu.

"Hapana, Papa. Niko na ugonjwa ya akili. Tangu juzi shikulala, na najisikia muzuri sana. Ni ile muzuri inaniogopesha."

Dereva mwenzangu Ilunga akapasuka kwa kicheko. "Hee! Kumbe haiko chauffeur, iko chau-fou!" Kwa Kifaransa chetu cha mjini, chauffeur ni dereva, na fou ni kichaa. Kiwanja kizima kikacheka.

Papa Kabwe hakucheka. "Ilunga, nyamaza. Weye unaendeshaka na usingizi, tunakuita shujaa." Kisha akanigeukia. "Enda kwa munganga. Lori iko yako. Itakungoja."

Daktari akabadilisha dawa. Mwanzoni vidonge vile vilinilemea macho, nami nikakaa nyumbani Kamalondo mpaka mwili ulipovizoea na daktari akaniruhusu. Siku niliyorudi kazini nilifika Kasumbalesa, nikaivumilia foleni ya malori, nikarudi na mzigo mzima. Mama yangu akapiga vigelegele hata majirani wakatoka nje. Lakini ushindi mkubwa ulikuja baadaye, Ilunga alipoingia akitetemeka kwa homa na kuweka ufunguo mezani.

"Papa, shiachi kazi," akasema. "Leo tu shiwezi."

Hakuna aliyecheka. Maneno yangu yalikuwa yamekuwa sheria ya kiwanja.

Kwa hiyo, mwanangu, ikiwa akili yako inauguzwa, usimruhusu mtu akuambie kwamba usukani haukufai kamwe. Nawe usiushike kwa kiburi. Usiiache dawa kwa sababu umepata nafuu, wala usiichanganye na pombe. Muulize daktari kama inaleta usingizi, nawe usiendeshe mpaka ujue jibu. Mchague mtu mmoja wa nyumbani azijue dalili zako, kwa maana siku ya hatari ni wewe utakayekuwa wa mwisho kuziona. Akikuambia "leo hapana", mtii, hata kama unajiona mzima kuliko yeye. Nanyi mlio wazima, mnaomcheka anayekiri ugonjwa, fahamuni kwamba mnamfundisha kuficha, naye akificha mtakutana naye barabarani.

Mungu akupe usingizi mtulivu na ujasiri wa kusema kweli mbele ya watu. Ufike salama uendako, na kila unayepishana naye njiani afike kwao.